Neno la Kukanyaga

Bibi alilikanyaga kwa soksi ya sufu
kabla sijajua kulitamka.
Kuni za msonobari zina utomvu, zina jeuri;
zilipasuka ndani ya jiko, tak,
kijidudu chekundu kikarukia zulia la matambara
naye, bila kuacha kumenya viazi:
"Kipinä."
Mguu. Basi.

Ndiyo kusema cheche, lakini kwetu Kainuu
halikuwa neno la kueleza kitu,
lilikuwa la kuonya, kama ile "sss" ya kufukuzia paka.

Baba alikwenda nalo jeshini.
Hemani, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
wanaume kumi wanakoroma, mmoja anakesha kando ya jiko:
kipinämikko, Mikko wa cheche,
hata kama jina lake ni Oiva.
Baba aliitwa Oiva. Alisinzia mara moja tu,
koti likabaki na tundu la kupita kidole gumba
alilotuonyesha kila Krismasi
kana kwamba ni nishani.

Mimi nililiuza.
Sina namna nyingine ya kusema.
Ghorofa ya tano, Tampere, mvua ya Novemba dirishani,
majina kumi na saba yamekatwa ubaoni kwa wino mwekundu,
Bi Tuovinen anasugua macho:
"Nataka kitu kifupi. Chenye joto. Chenye nukta juu ya herufi,
wageni wanazipenda zile nukta."
Nikafungua mdomo. Likatoka lenyewe,
lingali linanukia viazi.

Wakanipa bonasi. Nikanunua matairi ya barafu, yote manne.

Jiko lenyewe ni la umeme, jeupe kama yai,
halina moto, halina moshi,
na kwenye kijitabu, ukurasa wa pili, tunajisifu
kwamba halitoi cheche hata moja.

Nilimpelekea Bibi la kwake.
Alivaa miwani, akalifuata jina kwa ukucha,
akasimama penye herufi ndogo iliyofungiwa ndani ya duara.
"Na hii?"
Maana yake ni mali ya kampuni.
"Kama sikio la kulungu wa theluji, lililochanjwa."
Kama hivyo, Bibi.
"Na mimi nikilisema?"
Ukilisema tu, si kosa. Ukilifanyia biashara, ndipo.
Akanitazama muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

Jiko likawekwa pembeni, likafunikwa kitambaa cha kufuma.
Boksi alilichanachana, akawashia moto:
KIPI ikashika kwanza,
NÄ ikajikunja kama jani,
kisha ukuni ukapasuka, tak.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu.
Nikanyanyua mguu, na kiatu changu cha mjini,
nikalitafuta neno,
na kwa kitambo nikaona kwanza lile duara.

Zulia lilishaanza kunuka.
Bibi hakusema kitu. Alikuwa ananisubiri.