Ukoko wa Dundee

Huku sina makaa ya kupalia,
na king'ora cha moshi kina wivu:
kitunguu kikibadilika rangi tu, kinapiga yowe.
Basi nafunika wali kwa foili,
naweka juu kopo la maharage,
nashusha jiko la umeme hadi moja.

Maji napima kwa pingili ya kidole cha kati,
kilekile kinachozima kengele za wazee
zamu ya usiku.

Bi Senga wa ghorofa ya chini
alinipa pakiti ya shayiri.
Nilicheka ngazini peke yangu:
pungufu ya herufi moja, ningekuwa nimeshika shairi.
Vyote viwili, kumbe, havitaki haraka.

Jumapili nikaitanguliza shayiri nusu saa,
kisha mchele, chumvi, karoti moja iliyonyauka.
Chakula kikatoka kikaidi,
nusu kinatafunika, nusu kinateleza.

Nikamshushia bakuli.
Alikula amesimama mlangoni,
akaokota kipande cha kahawia, akakigeuza kwenye mwanga.
Hiki nini?

Ukoko, nikasema.
Nilikuwa nimemkwangulia wote.
Kwetu ukoko hugombewa.
Hilo sikumwambia.