Amekula

Miaka kumi na tisa nimekalia kiti cha ukalimani,
Milimani, orofa ya nne, lifti ikigoma napanda ngazi,
na leo lililonikwama kooni si neno la sheria.
Ni neno la jikoni.

Liliandikwa kwa mkaa mlangoni pa ukumbi, Makongeni,
chini ya upenu, mvua isikofika:
KIVUVA AMEKULA.
Basi. Halina yambwa, halina nukta.

Hakimu ananitazama juu ya miwani.
"Mkalimani, amekula nini?"

Wakili wa mama ameinuka kabla yangu.
Mheshimiwa, asema, lugha hii inakula kila kitu:
tunakula hasara, tunakula njama,
mzee hula chumvi, mdeni hula kona,
hata mdai mwenyewe amekula kiapo asubuhi hii
na hakuna aliyemshika kwa wizi.

Watu wakacheka.
Kivuva hakucheka.
Amevaa suti ya kahawia iliyomzidi mabega,
miaka ishirini na sita mweka hazina wa chama cha mazishi,
daftari lake limefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Tangu mlango ule useme
kanisani wamempokonya kikapu cha sadaka,
dukani hapewi unga hadi mwisho wa mwezi.
Na watoto wa ploti, wakimwona,
hawasemi kitu, Mheshimiwa.
Wanatafuna hewa.

Nikatafsiri kutafuna. Hewa ikanishinda kidogo.

Kisha Apondi, muuza sweta za mtumba Gikomba,
ambaye kakake alilala mochari siku kumi na moja,
kila siku na bei yake,
chama kikisema sanduku ni tupu.
"Niliuliza kwa adabu mara tatu.
Mara ya nne nikauliza kwa mkaa."
"Hukuuliza, mama, ulitangaza. Alama ya kuuliza iko wapi?"
"Mkaa uliisha."

Daftari likafunguliwa. Kurasa mbili hazipo.
"Panya," Kivuva akasema, polepole,
"panya walikula."
Safari hii hakuna aliyecheka,
nami nikatafsiri haraka
nikiona haya kwa niaba ya kitenzi.

Mawakili wakaisoma Katiba, kila mmoja aya yake,
kifungu ni kile kile:
juu kinafungua kinywa,
chini kinakikumbusha kuna jirani.
Hakimu akaandika. Feni ikazunguka.

Mimi sina upande. Nina mdomo wa kukodi.
Nimelitamka neno hilo leo mara arubaini na zaidi
na hapa ndani hakuna awezaye kunishtaki,
ila kila nikilitamka Kivuva anafumba macho,
na kila nikilimeza Apondi ananikazia yake.

Babangu alikuwa karani wa stoo ya reli.
Yeye hakuandikwa mlangoni. Alinong'onwa,
na mnong'ono hauletwi kortini kuwa kielelezo.
Hakuna aliyemuuliza, kwa adabu wala kwa mkaa.
Tulimzika na swali lake.
Mpaka leo sijui kama alikula.

"Mkalimani. Nasubiri."

Nikachagua neno moja la Kiingereza.
Hakimu akaliandika kwa kalamu ya wino,
na pale karatasini likawa jeusi
kuliko lilivyokuwa mlangoni.

Hukumu ni tarehe kumi na nne.
Wametoka kwa mlango mmoja, maana mwingine umefungwa,
Apondi akamshikilia mzee asijikwae kizingitini,
kisha akaupangusa mkono kwenye leso.

Nyuma ya korti, kibandani, Mbula anapakua githeri.
Amenizoea, hanyanyui hata uso:
"Mwalimu, umekula?"

Nikasimama pale, sahani mkononi,
bila wakili.