Majimoto

Mia na sabini juu, mia na tano chini.
Salha anaandika, hanitazami.
Mkanda mkononi unanung'unika, unanywea.
"Wahisi nini, Bwana Faki?"
Sihisi kitu.
Juzi tu nilikuwa kileleni, Mzambarauni,
nachuma kwa mkono mmoja.

"Ndivyo ilivyo. Haibishi hodi."
Akageuza kadi ya kliniki, akachora mshipa,
akatia nukta nukta ukutani mwake.
Hawa askari wako, umezaliwa nao.
Mwiba ukikuchoma, wao. Homa, wao.
Ila wapo wanaojipenyeza ukutani pasi na vita,
wakakoka moto, wakapiga kambi.
Ukuta huvimba, hukakamaa,
njia ikawa nyembamba,
na moyo, masikini, kazi yake kusukuma.
Mchochota, akasema. Ndilo jina lake.

"Na adui yao nani?"
Kalamu ikasita.
"Pengine hayupo. Pengine chumvi imewashtua,
au wasiwasi, au usiku usio usingizi.
Wanaosomea haya bado wanachimba."

Nikacheka. Akanuna, akidhani namdharau.

Mwanangu, hao mie nawajua!
Nina mkarafuu wenye majimoto mwaka wa ishirini.
Hushona majani mabichi wakajenga,
mdudu mla chipukizi hasogei.
Lakini ngoja apande mwenye shamba
na pakacha lake kiunoni:
hawamwulizi jina.
Kwapani, shingoni, mpaka kwenye kope,
hukumbatia tawi nusura uliachie.
Mti wangu, walinzi wangu,
na anayeungua ni mimi.

"Hukuwamwagia dawa?"
Marehemu baba alimwaga.
Walikufa wote. Msimu wa pili
mti ukaliwa na kila mwenye meno.
Siku hizi tunapanda alfajiri, na umande,
wakiwa wazito, na tawi hatulitikisi.

Salha akanihesabia vidonge thelathini kwenye bahasha.
"Basi, hivyo hivyo," akasema,
na safari hii akanitazama.

Nyumbani Time ameiroweka ng'onda maji matatu.
Haina ladha. Nimekula, nimenyamaza,
naye amenitazama nikila.

Usiku nalalia ubavu wa kulia.
Sikioni, juu ya mto, namsikia mtu
anapanda, anapanda,
mguu baada ya mguu,
asiwaamshe.