Maelezo ya Salio

Kwa Ofisa wa Ruzuku,
umeniuliza katika barua ya tarehe tisa
kwa nini kwenye fungu la joto
zimesalia paundi mia tatu na kumi na mbili,
na kama hazina kazi, zirudi serikalini.
Umenipa kisanduku cha maneno mia moja.
Nitakizidi. Uniwie radhi.

Nilikuwa karani wa reli, Kigoma.
Mali bila daftari hupotea bila habari:
tulikaririshwa hivyo kabla ya kukabidhiwa kalamu.
Kwa hiyo usidhani nimekosea kujumlisha.

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu jioni,
hapa Middlesbrough, ukumbi ulio nyuma ya zimamoto,
utatukuta tumepiga magoti,
mimi na Doreen mwenye funguo,
tunalaza uzi sakafuni na juu yake utepe
ili vidole visome mpaka umeishia wapi.
Utepe: paundi arobaini na moja. Risiti namba sita.
Mpira una njuga tumboni, una kilo na robo.
Mipira miwili. Risiti namba saba.
Halafu vifuniko vya macho, kumi na vinne,
maana hapa hatupimani nani anaona kiasi gani.
Haroon hajawahi kuona.
Keeley, dunia imemfutika upande wa kushoto.
Tomasz ana macho mawili mazima;
alimsindikiza dada yake mara moja
akakataa kubaki nyumbani tena.
Wote giza moja.

Na Riziki, binti yangu.
Shuleni, kipindi cha michezo, alipewa kazi ya kushika makoti.
Miaka miwili ameshika makoti ya wenzake
hata akayajua kwa harufu:
hili la mwenye mbwa, hili la chipsi,
hili la yule ambaye mama yake anavuta.
Fomu yako haina safu ya hilo.

Sasa, joto.
Lile dubwana la darini likiwashwa
feni yake hunguruma kama behewa la mizigo mlimani,
na njuga hazisikiki.
Siku ya kwanza mpira ulimpiga Haroon kifuani,
akauliza, "Nani kaniangushia kabati?"
Wakacheka, kisha wakapiga kura.
Kumi na watatu: zima.
Mmoja, Keeley: zima, lakini nivae glavu.

Basi Januari yote tumekaa gizani mwa baridi,
sisi wazazi na mablanketi mapajani,
chai ya chupa ikizunguka,
mpaka Euan aseme, "Kimya."
Na kimya kinakuja.
Hata kanisani watu hukohoa. Hapa hapana.
Cheche, cheche, cheche, mpira unabingirika,
na mwanangu anajitupa ubavu,
mikono mbele, miguu nyuma, mwili mzima boma,
du!
Umekwama tumboni mwake.
Nami nimeuma blanketi nisipige kelele kabla ya wakati.

Hizo ndizo paundi mia tatu na kumi na mbili.
Tumekula baridi ili tusikie.

Ninaomba zihamie fungu la teksi.
Euan yuko kwenye kiti cha magurudumu,
na gari lenye mteremko wa kumpandisha ni ghali;
fungu lake lilikauka Februari.
Jumatano tano hakuja.
Asiyekuwapo na lake halipo, husema watu,
lakini nililiandika jina lake kila juma
na mbele yake nikaacha nafasi.
Doreen alijaribu kusema "Kimya" badala yake.
Wakanyamaza, ndiyo,
kama watu wanaonyamaza kwa adabu.

Ukikataa, nitazirudisha, peni moja haitapungua.
Ila zifuate mwenyewe, Jumatano.
Vaa koti zito.
Riziki hatakushikia.