Athari Tatu

Barua ililetwa Ibra ndani ya bati la biskuti,
pamoja na funguo zisizo na milango
na risiti ya cherehani.
Mjukuu hakuisoma. Alisema: hesabu za babu, za falaji.
Nikaiandikisha hivyo, chini ya Maji.

Na kweli, mgongoni mwa karatasi
Muhenna bin Sulum amegawa zamu za Ijumaa
kwa athari, ndivyo wapimavyo maji huku:
athari mbili shamba la juu,
athari tatu mitende ya wakfu,
nusu athari anamdai jirani.
Mkono mkavu. Hakuna salamu.

Nilipoigeuza ndipo nikamsikia dada yake.

Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu,
Zuwena binti Sulum, aliyeko Chake:
*Wabaadahu, kaka, sisi wazima,
mvua haikatiki, karafuu zaoza majamvini,
na mimi*
kisha nuni, mimu, shini, kafu,
kisha tundu la mdudu, duara safi kama sarafu.

Nimechoka?
Nimeshuka?
Herufi ni zilezile. Dhuma ileile juu ya shini
hubeba o, hubeba u, haijali.
Labda ameshuka mjini, kwa watu, na mtoto mgongoni.
Labda amechoka tu,
na neno lililoliwa ni jina la aliyemchosha.
Kaka alijua. Aliisoma kwa sauti ya dada yake.
Mimi nina lenzi, kiyoyozi,
na mshahara mwisho wa mwezi.

Bwana Ghaleb hajui Kiswahili.
Fomu ina kisanduku kimoja.
"Andika neno," asema, "kahawa inapoa."
Naandika moja, nafuta. La pili, nafuta,
hadi fomu inaota manyoya.

Alijibu? Batini hamna nakala.
Najua hili tu: siku alipokosa karatasi
alimlaza dada yake kifudifudi
akagawa maji juu ya mgongo wake,
na ndiyo yaliyomwokoa.
Barua ya dada hutupwa. Hesabu ya maji, nani aitupe?

Nimeiinua dirishani.
Wino wa Zuwena umepenya:
nukta tatu za shini yake zimetokea upande wa pili,
zimetua kando ya neno athari.

Kisandukuni nimechora herufi nne,
bila irabu.
Ghaleb amezitazama, amepuliza muhuri,
amegonga.