Namba Mia na Nne

Dukani Ruwi, kiyoyozi kikikoroma,
Khalfani wa Mabela abonyeza mitindo
mmoja mmoja, kama agongaye matikiti sokoni.

Chakacha: ngoma safi, besi nene,
lakini haipumui. Mwimbaji akimeza mate
yenyewe ishakwenda.
Rumba: bati tupu.
Wa Kikhaliji, makofi yote sawasawa,
watu hamsini, kiganja kimoja.

Muuzaji ashusha bei. Khalfani hasikii.

Namba mia na nne, tari
yachelewa, punje tu,
kama mpigaji alikuwa akimtazama bibi harusi
akasahau mkono wake hewani.

Airudia mara tatu.
"Hapa pana mtu," asema,
kisha, kwa sauti ya chini, auliza
waya wa umeme
umo kwenye bei au vipi.