Safu Isiyo na Kichwa

Mnada wa nne, Mahuta, uwanja wa shule,
na mimi karani wa chama nimekalia gunia
lililorudishwa kwa unyevu.
Bei inatoka kwenye kipaza sauti:
elfu mbili na mia tatu kwa kilo.
Vigelegele. Mwaka jana ilikuwa elfu moja mia tisa.

Mfaume, mtoto wa dada yangu, hashangilii.
Anatazama simu.
"Mama mdogo, kwa dola imeshuka,"
anasema, kama mtu anayenong'ona habari za msiba
katikati ya harusi.

Imepanda, imeshuka.
Kilo ni ileile, nimeipima kwa mkono wangu,
na jiwe la mizani halijui kusoma noti.
Aliyepungua ni nani basi?
Ni shilingi, imekonda usiku watu wamelala,
na korosho iliyosimama palepale
ikaonekana imenenepa.

Mimi dola sina. Nina salfa.
Salfa ndiyo ninayopimia dunia:
mwaka jana kilo ishirini, mfuko mmoja;
mwaka huu kilo ishirini na tatu, mfuko uleule,
vumbi lilelile la manjano linalokereketa koo.
Nimepanda ngazi, na ngazi inazama.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Yangu ina daftari.
Inapotea nikiiona.

Mfaume ana hisa. Alizinunua kwa pesa ya pikipiki,
za kampuni ya nchi asiyoijua hata mvua yake.
Namuuliza ninavyowauliza wauza mashamba:
inazaa nini kwa mwaka?
Anapekua, anakuna kidevu, anataja faida.
Nagawanya pembeni mwa ukurasa.
Miaka sitini na miwili.

Chilumba anauza mikorosho yake,
laki mbili na sabini elfu kila mti,
na mti huo, ukishatoa dawa na palizi,
unambakizia elfu tisa.
Miaka thelathini! Tulimcheka
mpaka akajifanya anatafuta kofia.
"Na wewe umenunua sitini na miwili,
hata mlinzi wa shamba hujamwona."

"Watu wananunua kesho, mama mdogo."

Kesho naijua.
Ilikuja kwangu mwezi wa saba, maiti ya mama ikiwa ndani,
imeshika kibaba chake cha kangomba,
ikanunua maua yangu yangali mtini
kwa nusu ya nusu,
ikaniachia sanda na mchele wa matanga.
Kesho ya kwetu huuzwa kwa bei ya kilio,
ya kwao kwa bei ya shibe.
Kati ya hizo mbili sijui ipi ndiyo bei.

Namwambia hivyo, najiona nimemshinda.
Ananigeuzia simu.
Hisa zake, kule zilikozaliwa, zimeshuka kidogo.
Lakini zikiletwa Mahuta, zikivikwa shilingi,
amepata.
Hakulima, hakupulizia, kampuni haikuongeza hata punje.
Kilichomzalia ni kule kukonda kwa shilingi,
kukonda kulekule kulikonila mimi kilo tatu.

Nikanyamaza.
Neno la kujibu lilikuwapo, ila halikuwa na hesabu ndani yake.

Wameambiwa wanyooshe mikono wanaoikubali bei.
Mikono imenyooka, mingi ina utomvu mweusi wa maganda,
na nyuma ya umati kijana wa maji
amepandisha ndoo kwa mia moja
bila kutazama skrini ya mtu.

Nimechora safu ya tatu.
Ya kwanza ni shilingi, ya pili dola.
Hii ya tatu sijaipa kichwa.
Nimeandika ndani yake: mfuko mmoja, ishirini na tatu.
Kisha nikamwita Mfaume, kwa sauti ya chini,
Chilumba asije akasikia,
nikamuuliza hisa moja inaanzia shilingi ngapi.